Nyumba Zetu: Siku Tatu Ng'ambo ya Ziwa



Kila zikaribiapo likizo za shule, wazazi kadha wa hapa Kiseke hunijia baada ya darsa wakaniuliza jambo moja: je, yafaa kuwachukua watoto wadogo kwenda kutembea mji wa nchi nyingine kwa siku chache, au huo ni ufujaji wa mali? Wanaouliza si matajiri. Ni mwalimu wa shule, ni mwenye duka la mabati na misumari, ni mama auzaye dagaa Mwaloni. Wamejaaliwa uwezo kidogo, nao huona picha za wenziwao waliokwenda Dubai wamesimama chini ya majumba marefu, na nafsi ikawasumbua.

Jawabu langu ni kwamba yafaa, walakini kwa sharti. Safari yenyewe ipimwe kwa miguu ya mtoto aliye mdogo kuliko wote, na kwa mgongo wa mama ambebaye. Baba akiipima kwa tamaa ya macho yake, au kwa idadi ya picha atakazowaonyesha majirani, atarudi na watoto wenye homa, na mke aliyechoka kuliko alivyoondoka, na deni juu yake. Nimewaona waliorudi hivyo. Nimewaona pia waliorudi salama, na katika hao wamo wa nyumbani kwangu, kwa kuwa katika likizo iliyopita nilifuatana na mwanangu, mkewe, na wajukuu zangu watatu mpaka Kampala. Mkubwa ana miaka tisa, wa kati ni msichana wa miaka sita, na mdogo ana miaka miwili. Bibi yao aliona afadhali abaki na kuku wake.

Kwa nini Kampala? Nairobi ni mji mzuri, illa malazi yake hula fedha upesi. Kigali ni safi na tulivu, na njia ya Kahama na Rusumo hupitika vyema. Lakini kule magari hushika upande wa kulia wa barabara. Mtoto wa Mwanza aliyezoezwa kutazama kwanza kulia kabla ya kuvuka, akifika Kigali hutazama upande usio na gari, na ya pili yake hayarudishiki. Saa yao nayo iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Kampala magari hushika kushoto kama kwetu, na saa ni moja na yetu. Kwa mwenye watoto hayo si mambo madogo.

Na kabla ya hayo yote nitawauliza wazazi swali: je, mmekwisha kuwapeleka watoto Saanane? Kisiwa kile kipo mbele ya macho yetu, mwendo wa dakika chache kwa boti kutoka mjini. Kilifanywa bustani ya wanyama mwaka 1964, ya kwanza katika nchi yetu, na tangu mwaka 2013 ni hifadhi ya taifa. Mtoto asiyeweza kustahimili nusu siku ya Saanane pasipo kulia, hataistahimili Kampala. Basi anzeni hapo, nanyi mtajua kipimo cha watoto wenu kwa gharama ndogo.

Sasa tuje kwenye karatasi, maana ndizo ziwakwamishazo wengi. Kila mtoto, hata anyonyaye, yampasa awe na hati yake mwenyewe. Hapana tena kuandikwa mtoto ndani ya pasi ya mama. Na mtoto hapati hati pasipo cheti cha kuzaliwa. Hapo ndipo watu wetu hugutuka, kwa kuwa wengi wamelea watoto mpaka darasa la tatu cheti hakijatafutwa. Pasi ya kawaida ni shilingi 150,000 kwa mtu, na kwa watu sita hesabu hiyo peke yake ni laki tisa. Ndiyo sababu wenye uwezo mdogo aghalabu huchukua hati ya dharura ya safari, ambayo ada yake ni ndogo sana, nayo huwatosha kwa nchi jirani. Chanjo ya homa ya manjano nayo haina budi. Waganda huitaka kadi yake mtu aingiapo kwao, na sisi huitaka atokapo kwao. Yapasa ichomwe siku 10 kabla ya safari, ndipo ihesabiwe kuwa imeshika. Na ikishachomwa mara moja hutosha umri mzima. Mtoto aliye chini ya miezi tisa hachomwi, naye, kwa maoni yangu, safari hiyo si yake bado. Ngojeni akue.

Fedha zetu zilitoka katika kibubu. Mwanangu na mkewe walianza kutia humo tangu Mfungo Mosi, na walikubaliana kwamba siku ya kukivunja, kitakachoonekana ndicho kitakachowapeleka. Kama kitatosha Bukoba, basi watakwenda Bukoba. Mtu hakopi kwa ajili ya kutembea. Deni huchukuliwa kwa dharura, na tembezi si dharura.

Tulitoka Mwanza jioni kwa meli ya Victoria. Meli hii ni ya tangu mwaka 1960, ilisimama muda mrefu, kisha ikafanyiwa matengenezo makubwa na kurudi kazini mwaka 2020. Wazee wetu wa zamani walikuwa wakipanda meli hapa Mwanza na kuteremka Port Bell, mlangoni mwa Kampala, na wengine wakaendelea mpaka Kisumu, kwa kuwa meli zilikuwa za shirika moja la Afrika Mashariki. Jumuiya ile ilipovunjika mwaka 1977 vyombo vikagawanywa, na njia ile ikafa. Siku hizi msafiri huteremka Bukoba asubuhi, kisha akashika barabara.

Hapana mtu wa Mwanza apandaye meli na watoto asiyekumbuka tarehe 21 Mei 1996, ilipozama MV Bukoba ikija kwetu, wakafa watu kwa mamia, na makaburi yao yapo Igoma. Mkamwana wangu alipoingia chumbani jambo la kwanza alilouliza lilikuwa jaketi za kuokolea ziko wapi. Hakutulia mpaka alipozihesabu na kuona kuna za watoto. Mumewe alitaka kumcheka. Nilimzuia. Akina mama kama huyo wangekuwa wengi zaidi katika vyombo vyetu, manahodha na makarani wangeogopa kujaza watu kupita kiasi. Tena ni vyema mtoto afundishwe kulivaa jaketi lile kabla ya giza, kwa mchezo, si kwa vitisho. Wale wawili wakubwa walilivaa na kulivua mara nne, kisha wakalala.

Alfajiri tulisali juu ya sitaha. Wengi huniuliza juu ya kibla cha ziwani: ni kaskazini, na kuelemea kidogo upande wa mashariki, kwa Mwanza na kwa Kampala vilevile. Na madhali tumetaja sala, safari ya siku tatu ina wepesi wake kwa wazazi. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, msafiri asiyenuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na siku ya kutoka, aweza kupunguza sala za rakaa nne zikawa mbili, na kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Mwenye watoto wadogo aufahamu wepesi huu na autumie. Badala ya kukatisha matembezi mara mbili kwa kutafuta maji na mahali, husimama mara moja, watoto wakala, wakasali waliofikia umri wa kufundishwa, wakapumzika.

Kutoka Bukoba mpaka Mutukula si mbali. Mpakani pana jengo moja la pamoja tangu mwaka 2017. Msafiri hasimami tena pande mbili. Huingia upande wa nchi aiendeayo tu, na humo humo afisa wa kwetu humgongea muhuri wa kutoka, na wa pili humgongea wa kuingia. Watoto hawakuchoka. Fedha badilisheni kwa kiasi tu, katika duka lenye kibali na risiti. Shilingi yetu moja hupata zaidi ya moja ya kwao, na hesabu hizo kubwa huwalevya watu, wakadhani wametajirika ghafula.

Baada ya Masaka na Lukaya, ambako wachuuzi hukimbilia magari wakiwa na mishikaki na ndizi za kuchoma (sisi tulichukua ndizi na mayai ya kuchemsha, kwa kuwa nyama ya njiani hatukujua aliyeichinja), mtafika Kayabwe ulipo mstari wa ikweta. Shukeni hapo, watoto wasimame mguu mmoja kaskazini na mwingine kusini. Ni furaha isiyo na gharama. Kuna vijana wenye mabakuli ya maji, ambao kwa fedha huonyesha maji yakizunguka kwa kulia upande mmoja na kwa kushoto upande wa pili. Mjukuu wangu alistaajabu sana. Nilimwambia kuwa kuzunguka kwa dunia hugeuza pepo kubwa na mikondo ya bahari, walakini hakuna nguvu juu ya bakuli. Yule kijana huyageuza maji kwa namna ayamwagavyo. Ni mchezo mzuri wa mkono, na mchezo waweza kulipiwa, lakini mtoto asirudi shuleni akaufundisha kuwa ni elimu.

Kampala tuliingia jioni. Hapa nitataja jambo lililowashangaza watoto kuliko majumba. Walisalimia kwa Kiswahili, na watu wakawajibu kwa Kiganda au Kiingereza. Msichana yule wa miaka sita aliniuliza kwa siri, "Babu, hawa hawakusoma?" Sisi wa pwani ya ziwa la kusini twadhani Kiswahili ni hewa, kila mtu huivuta. Kule kwa miaka mingi kilisikika vinywani mwa askari na kwenye vizuizi vya barabarani, na watu hawakukipenda; ni mwaka 2022, mwezi wa Julai, baraza lao la mawaziri lilipoamua kifundishwe kwa lazima mashuleni. Basi niliwafundisha watoto maneno manne: webale ni asante, ssebo ni bwana, nnyabo ni bibi, na oli otya ni hujambo. Kesho yake walikuwa wakiyatumia kwa kila muuza matunda, na matunda yakaongezwa. Na mkiwa na haja ya gari, msiseme takisi. Kule takisi ni basi dogo la abiria 14, ile daladala yetu, na kituo chake ni bahari ya watu. Semeni wazi kuwa mwataka gari la kukodi peke yenu. Pikipiki ni nyingi kama nzige, na madereva wake huita watoto kwa upole. Msiwapakie hata mara moja.

Tulikaa siku tatu, na kila siku tulikuwa na jambo moja tu. Wako watakaosema ni uvivu, kwamba mtu amelipa nauli yote hiyo na vilima vya Kampala ni vingi. Mimi nasema mtoto wa miaka sita akioneshwa mambo matano kwa siku, jioni hukumbuka la sita, yaani kule alikoanguka.

Siku ya kwanza ilikuwa ya Msikiti wa Taifa, juu ya kilima cha Old Kampala. Ni mkubwa wa kuingiza watu maelfu, na mnara wake hupandwa kwa ngazi kwa mamia. Mkubwa alifika juu pamoja nami, akaviona vilima: Namirembe, Rubaga, Mengo, na Kibuli penye msikiti mwingine wa sifa. Yule msichana alifika nusu akakataa. Baba yake aliketi naye kwenye ngazi mpaka tuliporudi, na hakuna aliyemlazimisha.

Tuliposhuka mkubwa aliniuliza, "Babu, nani kaujenga?" Hilo ni swali zito kwa mtu wa kwetu. Nilimjibu kama ilivyo. Ulianzwa katika miaka ya 1970, wakati wa Idi Amin, ukakwama alipoangushwa mwaka 1979, kisha ukamalizwa kwa fedha za Libya ya Kanali Gaddafi na kufunguliwa mwaka 2008. Ukaitwa kwa jina lake mpaka baada ya kufa kwake. Huyo Amin ndiye ambaye askari wake waliingia Kagera mwezi wa Oktoba 1978, wakaua na kupora, na Libya ndiyo iliyopeleka askari kumsaidia vita vilipomgeukia. Kaka yangu, babu yake mkubwa, alikuwa katika jeshi letu. Aliipita Mutukula ile ile tuliyogongewa mihuri, yeye akiipita kwa miguu na bunduki. Alirudi mzima na hakusimulia mengi maishani mwake.

Mtoto alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa tusali humu?"

Nilimwambia, "Msikiti ni wa Mwenyezi Mungu. Twende tukatawadhe."

Nimekisimulia kisa hiki kwa sababu wazazi wengine huwaficha watoto mambo hayo wakidhani watavurugika. Mtoto wa miaka tisa aweza kubeba ukweli mfupi. Habari nyingine za mji ule nilimwachia akue: vipi Uislamu ulivyofika kwa Kabaka Suuna mwaka 1844 kwa wafanyabiashara wa pwani waliopita Tabora na Karagwe, magharibi ya ziwa letu, vipi Mutesa alivyofunga Ramadhani kwa miaka, kisha katika miaka ya 1870 akawaua vijana Waislamu wa baraza lake mwenyewe. Hayo yana siku yake.

Siku ya pili ndiyo niliyotaka hasa kuiandika. Usiku ule mkamwana wangu alikuwa ameamshwa na mdogo mara tatu. Asubuhi mwanangu aliniambia, "Baba, leo tutakwenda Entebbe sisi wanaume na watoto. Mama yao atabaki." Mke akakataa, kwa haya, akasema mdogo atalia. Mumewe akamfunga mtoto mgongoni kwa khanga, akachukua mfuko wa nguo zake na chupa ya uji, tukaondoka. Njiani watu walitutazama. Kijana mmoja wa Kiislamu, aliyetuuzia maji, alicheka akamwuliza mwanangu kama mkewe ni mgonjwa. Sikuweza kunyamaza. Nilimkumbusha kuwa Mtume wetu, sallallahu alayhi wasallam, alimbeba mjukuu wake Umama hali anaswalisha watu, akimweka chini asujudupo na kumchukua tena asimamapo. Habari hiyo ni sahihi na kila mwanafunzi wa chuo aijua. Kama mabega yale matukufu hayakudhalilika kwa kubeba mtoto mbele ya safu za Masahaba, mgongo wa nani leo utadhalilika stendi ya Kampala?

Ndugu wanaume, tazameni nyumba zenu zinaposafiri. Baba huketi dirishani akitazama nchi. Mama ana mtoto mapajani, mwingine begani, mfuko wa chakula miguuni, na jicho moja juu ya yule mkubwa asipotee. Wakifika, baba huuliza, "Leo twende wapi?" naye mama huuliza maji ya kufulia yako wapi. Huyo hakutoka kwake. Amehamishiwa jiko ng'ambo ya mpaka. Kama fedha zenu hazitoshi kumpumzisha hata siku moja katika siku tatu, basi pelekeni watoto kwa shangazi yao Magu, mkae nyumbani, na fedha zibaki katika kibubu.

Entebbe ina bustani ya wanyama ufukoni mwa ziwa, iliyoanzishwa mwaka 1952. Wamo vifaru na sokwe, na yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye domo kama kiatu, asimamaye kama mlinzi bila kupepesa. Mdogo alimtazama muda mrefu kuliko simba. Kisha msichana akaona maji, akauliza kama ndilo ziwa letu. Nikasema ndilo. Akataka kutupa jani liende kwa bibi Kiseke. Nilimweleza kuwa maji hayaendi kwetu. Hutokea Jinja yakawa mto Nili, nayo hushuka mpaka Misri. Akalitupa jani hata hivyo.

Tuliporudi alasiri tulimkuta mama yao amelala. Alikuwa amelala tangu tulipoondoka, akaamka akasali, akala chapati iliyokunjwa na mayai ambayo wao waiita rolex, akalala tena.

Siku ya tatu sote tulikwenda kwenye jumba la makumbusho la Kitante, la tangu mwaka 1908, ambalo lina ngoma na zeze na marimba za makabila yote, na uani nyumba za kienyeji ambazo watoto huingia na kutoka. Saa mbili zilitosha. Kwenye makaburi ya wafalme ya Kasubi, yaliyoungua mwezi wa Machi 2010 na kujengwa upya, hatukwenda. Mdogo alikuwa amechoka, na hilo lilitosha kuwa sababu.

Kurudi tulishika barabara moja kwa moja kupitia Geita na Sengerema. Daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilometa tatu hivi, lilifunguliwa mwezi wa Juni 2025, na pale ambapo zamani mama aliweza kukaa juani akingoja kivuko na mtoto anayelia, sasa hupitwa kwa dakika chache. Mipangeni safari mrudi siku mbili kabla ya shule kufunguliwa. Siku ya kwanza ni ya kufua, na ya pili ni ya watoto kuwasimulia wenziwao, kazi ambayo mwalimu hawezi kushindana nayo darasani.

Mwezi ujao, Inshaallah, nitajibu swali la msomaji wa Sengerema juu ya mirathi ya mashamba ya urithi yasiyopimwa.

Wassalaam.